Jezi niliyoithibitisha kimakosa

Mzee aliyeniletea jezi ile alianza kukusanya jezi za mechi kabla mimi sijajua kutofautisha ya dukani na ya uwanjani. Aliitandaza mezani kwangu kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Ilikuwa jezi ya kiungo, ya mikono mirefu, yenye doa la nyasi kwenye nyonga ya kulia. Muuzaji alimwambia ilivaliwa katika fainali, na barua ya kusema hivyo ilikuwa ndani ya bahasha. "Kijana wangu," akaniambia, "nataka jicho lako kabla sijamalizia malipo."

Niliikagua kwa siku mbili. Saizi ilikuwa ileile aliyokuwa akivaa mchezaji. Lebo ya ndani ilionyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na tarehe hiyo ilitangulia mechi kwa miezi kadhaa, jambo linalotakiwa. Namba zilikuwa za umbo sahihi na zilibandikwa kwa joto kama zile za klabu. Beji ya mashindano ilikuwa kwenye mkono unaotakiwa. Nikatafuta picha, nikaipata moja ya mchezaji akiwa ameanguka, ana doa kwenye nyonga ya kulia. Nikafurahi. Nikaandika barua na kutia sahihi yangu: jezi hii imevaliwa.

Miezi minane baadaye mkusanyaji mwingine alinitumia picha ya mechi hiyohiyo, kubwa na safi kuliko niliyokuwa nayo. Kwenye picha, kona moja ya beji ya mkononi ilikuwa imepanda juu ya mshono. Kwenye jezi ya mzee, beji ilikuwa mbali na mshono kwa upana wa kidole. Nikarudi kwenye doa. Lile la kwenye picha lilikuwa refu, limevutwa kuelekea nyuma kama alama ya ulimi. La kwetu lilikuwa la mviringo.

Jezi yenyewe ilikuwa halali. Ilitoka klabuni, iliandaliwa kwa ajili ya mechi ile na kwa ajili ya mchezaji yule, ikabaki kuwa ya akiba bila kuvaliwa. Nyasi zilipakwa baadaye na mtu aliyejua vizuri kabisa kitu gani mtu kama mimi atakuwa anakitafuta.

Nilimpigia mzee simu jioni ileile. Hakufoka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Ulipokuwa unaitazama, ulikuwa unatafuta nini?"

Siku hiyo sikuwa na jibu. Nilimrudishia ada yangu, nikamwandikia muuzaji barua ya kufuta ile ya kwanza, na mzee alifanikiwa kurudishiwa sehemu tu ya fedha zake. Swali lake lilikaa nami kwa miaka. Nilikuwa natafuta sababu za kukubali. Nilizipata nyingi na zote zilikuwa za kweli, lakini hakuna hata moja iliyoweza kuitenga jezi ile na pacha wake.

Watu wengi wanaoniletea vitu wanadhani kazi yangu ni kutenganisha halisi na bandia. Bandia kabisa, ile iliyoshonwa na mtu asiyehusika na timu wala kiwanda, hainisumbui sana. Herufi zake zimenenepa, nembo ina nyuzi chache kuliko inavyopaswa, lebo ya ndani ina namba za bidhaa za aina nyingine kabisa. Njia ya mwongo ni fupi, na hapo ni fupi kwelikweli. Kinachoninyima usingizi ni jezi halisi inayosimuliwa hadithi isiyo yake.

Kuna jezi ya shabiki inayouzwa dukani. Kuna ya dukani pia iliyotengenezwa kwa kitambaa na mkato uleule wa wachezaji, na mtu mwenye mashine ya kubandikia namba anaweza kuipandisha cheo mchana mmoja. Kuna iliyoandaliwa kwa mchezaji na mechi fulani, ikatundikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, isivaliwe. Na kuna iliyovaliwa. Kati ya hizi mbili za mwisho kiwanda hakikuweka tofauti yoyote, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Katika soka ya ngazi ya juu mtunza vifaa huandaa zaidi ya jezi moja kwa kila mchezaji kwa kila mechi. Mmoja anabadilisha wakati wa mapumziko kwa sababu ya jasho, mwingine anachaniwa na beki, mwingine jezi yake inaingia damu na mwamuzi anamtoa nje akabadilishe. Jezi sita za Lionel Messi za Kombe la Dunia la 2022, zilizouzwa kwenye mnada wa Sotheby's Desemba 2023 kwa dola milioni 7.8, zilitajwa wazi kuwa ni za vipindi vya kwanza. Napenda uwazi huo. Aliyezinunua alijua kwamba anachonunua ni nusu ya kila mechi, na nusu nyingine iko mahali pengine.

Kwa wanaoanza kazi hii huwa nasimulia habari za jezi ya Diego Maradona ya tarehe 22 Juni 1986, Argentina na Uingereza, uwanja wa Azteca jijini Mexico City. Mabao yake yote mawili, la mkono na lile la kuwakokota Waingereza kuanzia upande wake wa uwanja, yalifungwa kipindi cha pili, dakika ya 51 na ya 55. Steve Hodge, kiungo wa Uingereza aliyeupiga mpira ukapaa kurudi kwenye eneo la hatari la timu yake na Maradona akaufuata kwa ngumi, ndiye aliyebadilishana naye jezi baada ya mechi wakielekea vyumbani. Aliitunza, kisha akaiazimisha kwa miaka mingi kwa makumbusho ya taifa ya soka huko Manchester. Mwaka 2022 ilipotangazwa kwamba inaenda mnadani, familia ya Maradona ikasema hapana: hiyo ni ya kipindi cha kwanza, ya mabao haiko hapo.

Fikiria ugumu wake. Aliyeipokea kwa mikono yake yuko hai na anasimulia bila kuyumba. Upande wa pili ni familia ya mchezaji mwenyewe. Maneno ya pande zote mbili yana uzito, na hakuna neno linaloweza kulivunja lenzake, kwa kuwa Hodge hakuwa na njia ya kujua Maradona alivaa nini kipindi cha kwanza, na familia haikuwa kwenye ule ujia wa kwenda vyumbani. Aliyebaki kutoa ushahidi ni kitambaa.

Na kitambaa kile kilikuwa na mengi ya kusema. Jezi za bluu ambazo Argentina ilikuja nazo zilikuwa nzito mno kwa joto la adhuhuri, kwa hiyo zilinunuliwa nyingine madukani Mexico City kabla ya mechi. Nembo za shirikisho zikashonwa haraka haraka, na namba za rangi ya fedha zinazometameta zikabandikwa mgongoni. Kwa fundi cherehani mwangalifu hiyo ni kazi ya kulipua. Kwangu mimi ni hazina. Nembo iliyoshonwa kwa haraka haikai mahali pamoja mara mbili. Huinama kidogo, hupanda juu ya mstari wa kitambaa au hushuka chini yake. Walioilinganisha jezi ya Hodge na picha za kipindi cha pili walitazama nembo, mistari na namba, na vyote vikakubali. Ikauzwa Mei 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 7.

Kila ninaposimulia habari hiyo naikumbuka beji iliyokuwa mbali na mshono kwa upana wa kidole. Ilikuwa mbele ya macho yangu siku mbili nzima.

Kwa hiyo sasa naanza na jezi yenyewe. Picha zinasubiri. Naigeuza nje ndani, naipitisha chini ya taa yenye lenzi, natafuta alama ambazo pacha wake hawezi kuwa nazo, naziandika na kuzichora moja moja kwenye daftari. Nikishamaliza ndipo nafungua picha ya kwanza. Zamani nilifanya kinyume, na nimejifunza kwamba jicho likishaiona picha, linailazimisha jezi ifanane nayo.

Alama bora ni zile zilizoachwa na kiwanda bila kukusudia. Kitambaa chenye milia hukatwa kwa tabaka nyingi pamoja, na kisu hakiangukii mahali palepale pa mchoro kila mara. Ndiyo maana milia ya mbele na ya nyuma hupishana kwenye mshono wa ubavuni kwa kiasi tofauti katika kila jezi. Jezi za zamani za besiboli zenye vifungo zina herufi za kushonwa kifuani, na kila herufi imekaa kwa namna yake kati ya vifungo na mstari wa katikati. Jezi ya Babe Ruth, nguli wa besiboli wa Marekani, ya mwaka 1932 iliuzwa mwaka 2005 kwa dola 940,000. Baadaye ililinganishwa na picha za mchezo wa tatu wa fainali za besiboli za mwaka ule, na Agosti 2024 ikauzwa kwa dola milioni 24.12. Soko lenyewe lilikuwa limekua katika miaka hiyo, ni kweli, lakini mtu yeyote wa kazi hii ataona pale thamani ya siku moja kujulikana kwa uhakika.

Jezi za mpira wa kikapu ndizo zilizonifundisha kuhesabu. Kitambaa chake kina matundu madogo, na namba hubandikwa au kushonwa juu yake. Mwili wa mchezaji huvuta kitambaa, kamera huwa pembeni, na lenzi hupinda kingo za picha, kwa hiyo ukipima kwa sentimita utadanganyika. Matundu hayadanganyi. Kama kona ya chini ya namba 3 imekata tundu nusu, litabaki nusu mchezaji akiruka, akianguka, akikumbatiwa. Kama kutoka kona hiyo hadi kwenye mshono kuna matundu kumi na moja, yatakuwa kumi na moja kwenye kila picha ya usiku ule. Nimewahi kukaa hadi alfajiri na jezi moja ya kikapu. Alama ya kwanza ilikubali, ya pili ikakubali, ya tatu ikakataa: tundu lililopaswa kufunikwa na namba lilikuwa wazi. Mwenye jezi aliniambia mbili kati ya tatu si haba. Katika kazi hii ni haba. Alama moja ya kiwandani ikikataa, na picha ikiwa safi, mjadala umekwisha.

Nimesema alama ya kiwandani kwa makusudi, kwa kuwa alama za uchakavu zina kanuni yake, na mimi mwenyewe nilichelewa kuielewa. Uzi uliochomoka kwenye picha lazima uwepo kwenye jezi, au pawepo dalili kwamba palishonwa. Lakini uzi uliochomoka kwenye jezi si lazima uonekane kwenye picha, maana huenda ulichomoka dakika ya mwisho, mazoezini, au kabatini mwa mwenye nayo miaka ishirini baadaye. Muda unakwenda mbele tu. Niliwahi kuikataa jezi kwa sababu ilikuwa na tobo dogo begani lisiloonekana kwenye picha ya kipindi cha kwanza, na mwenzangu akanionyesha picha ya dakika za mwisho ambapo beki alikuwa amelishika bega lilelile kwa ngumi. Nikatengua uamuzi wangu mbele ya mwenye jezi, nikamwomba radhi.

Kuhusu uchafu, jambo moja linatosha kwa mtu anayeanza: jasho hutoka ndani kwenda nje, tope huingia kutoka nje. Jezi iliyochezewa dakika 90 bila kufuliwa itakuwa na chumvi ndani ya kola na kwapani, kitambaa cha ndani kimetoa vinundu pale kiliposuguana na ngozi, na nyuma ya namba pamekunjamana. Anayepaka tope husahau upande wa ndani. Tope lake hukaa juu ya nyuzi, limesambaa sawasawa, wakati tope la kuteleza huingia katikati ya nyuzi na kufuata mwelekeo wa mwili. Na lazima uchakavu ufanane na kazi ya mtu. Jezi ya kipa huchakaa viwiko na nyonga. Winga anayechezea kushoto na kuangukia ubavu mmoja kila wiki ataacha alama ubavu huo. Ukiniletea jezi ya kipa yenye viwiko laini kama vya jezi mpya, nitakuuliza maswali mengi.

Sahihi ya mchezaji ni suala tofauti kabisa, na watu hulichanganya kila siku. Sahihi inaweza kuwa ya kweli juu ya jezi ya dukani. Mchezaji husaini anacholetewa.

Kosa langu la pili kubwa lilikwenda upande mwingine, na liliniuma zaidi ya la kwanza. Mama mmoja aliniletea jezi ya sufu ya mchezaji wa zamani, ndugu wa familia yao. Katika jezi za zama zile, taa ya urujuanimno (UV) ni msaada mkubwa. Kemikali za kung'arisha nguo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo sufu na uzi wa kabla ya hapo kwa kawaida having'ai chini ya taa hiyo, ilhali uzi wa kisasa huwaka rangi ya samawati. Nilizima taa za chumba, nikawasha ile, jezi ikawaka. Nikamwambia yule mama, kwa upole lakini bila kusita, kwamba si ya zamani.

Alikunja jezi yake akaondoka. Siku tatu sikutulia, maana kulikuwa na kitu kilichonikera: jezi iliwaka yote. Uzi wa kisasa ukishonwa kwenye kitambaa cha zamani utaona mistari inayowaka juu ya giza. Kitambaa kipya kizima kingekuwa na sufu ya namna nyingine, na vifungo na mishono vingeonyesha upya. Hii iliwaka kwa unyonge, kitambaa na uzi kwa kiwango kimoja, na iliwaka zaidi kwenye mikunjo ambako maji hukaa. Nikampigia, nikamuuliza kama iliwahi kufuliwa. Akasema ndiyo, kila mwaka, kwa mkono, kwa sabuni ya unga, siku ya kumkumbuka marehemu. Sabuni za unga za kisasa zina kemikali zilezile za kung'arisha. Nilikuwa nimesoma upendo wa familia kama ushahidi wa udanganyifu.

Nilimwomba airudishe. Nilichunguza mishono, vifungo, umbo la herufi na namna kola ilivyokatwa, nikaandika kwamba jezi ni ya zama zile na ya timu ile. Kama ndugu yao yule ndiye aliyeivaa, picha za timu nilizoziona zilikuwa hafifu mno kutoa jibu. Aliipokea barua ile na kuisoma hadi mwisho akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno "haijathibitika" aliniuliza kama maana yake ni kwamba familia ilidanganya. Nikamwambia hapana, mama, maana yake ni kwamba mimi sijaona. Tangu siku hiyo hukumu zangu ni tatu: imethibitika, imekataliwa, haijathibitika. Ya tatu ndiyo ninayoiandika mara nyingi kuliko nyingine, na ndiyo inayokasirisha watu kuliko nyingine.

Inakasirisha kwa sababu ya fedha, lakini si fedha peke yake. Mtu aliyekaa na jezi ukutani miaka kumi na tano amewasimulia watoto wake habari zake. Nimejifunza kutoa jibu ana kwa ana inapowezekana, na kutoa sababu kabla ya hukumu. Nimejifunza pia kupanga ada yangu isitegemee jibu. Ninalipwa kiasi kilekile nikikubali au nikikataa, na sichukui asilimia ya mauzo. Niliwahi kuahidiwa asilimia na muuzaji mmoja mkubwa na nikakaa na ahadi ile usiku mmoja. Asubuhi nikagundua kwamba nilikuwa tayari nimeshaanza kuipenda jezi yake kabla hajanitumia. Nikakataa vyote viwili, asilimia na kazi yenyewe.

Barua ya muuzaji siipi uzito mpaka mwisho. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kuna barua zinazojitembeza sana: karatasi nzito, mhuri wa dhahabu, maneno makubwa, na ndani yake hakuna sentensi hata moja inayoeleza jezi ipi. "Jezi nyekundu ya ugenini" inaweza kuambatanishwa na jezi yoyote nyekundu ya ugenini. Barua zangu sasa zinaeleza alama tano au sita za jezi husika, kila moja na picha yake ya karibu, ili mtu akijaribu kuihamishia kwa jezi nyingine, barua yenyewe imkatae. Vilevile nauliza imepitia mikono ya nani, kuanzia kwa mchezaji au mtunza vifaa hadi kwa aliyeketi mbele yangu, na pale mnyororo unapokatika naandika kwamba umekatika.

Ushahidi ninaouonea wivu ni ule wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Katika miaka ya 1990 shirika la upelelezi la FBI lilifichua mitandao ya waghushi wa sahihi na kumbukumbu za michezo, na mwaka 2001 ligi ile ilianzisha utaratibu wake wa kuthibitisha vitu. Katika kila mchezo huwepo mthibitishaji, aliyekuwa au aliye askari wa kulinda sheria, anayeona kitu kikitoka uwanjani kwa macho yake na kukibandika hologramu (kibandiko kinachometameta) yenye namba, ambayo mtu akijaribu kuibandua inaharibika. Mpira, rungu, jezi, hata kituo cha kukanyagia. Hakuna lenzi wala taa inayozidi mtu aliyekuwepo. Sisi tunaoshika vitu vya zamani hatukuwepo, na kila tunachofanya ni kujaribu kurudi pale kwa kupitia uzi na picha.

Mzee hakuacha kuja. Nilidhani baada ya yale atatafuta mtu mwingine, na ningemwelewa. Ile jezi ya akiba aliibakiza. Aliisafisha doa lile la uongo kwa brashi laini, akaitundika na kikaratasi alichokiandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kulalia upande: "Iliandaliwa kwa fainali. Haikuvaliwa." Anasema anaipenda hivyo, kwa kuwa nayo ilikuwepo chumbani siku ile, ikisubiri.

Juzi alikuja na nyingine. Aliitandaza kwa viganja vilevile, sasa vinatetemeka kidogo. Bahasha ya muuzaji aliiweka kwenye kiti cha pembeni, akaifunika kwa kofia yake.

"Hiyo utasoma baadaye," akasema.

Nikavuta taa karibu, nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaanza na mshono wa mkono wa kulia.